Sindano ya baridi yabisi isitangulie kipimo cha kifua kikuu

Mgonjwa wa baridi yabisi anapoambiwa na daktari kwamba vidonge vimeshindwa na sasa itabidi ahamie kwenye dawa ya sindano ya kibiolojia, swali la kwanza linalomtoka ni bei. Ana haki ya kuliuliza, maana dozi ya mwezi mmoja inaweza kumaliza mshahara wote na bado ikadai nyongeza. Swali la pili huwa ni kama sindano inauma. Swali ambalo lingepaswa kutangulia yote mawili ni kama mwilini mwake kuna vijidudu vya kifua kikuu vilivyolala, na hilo ni nadra mgonjwa kulifikiria, kwa kuwa hakuna kinachomdokeza kwamba kifua kikuu na maumivu ya vidole vyake vina uhusiano wowote. Ninachotaka kusema hapa ni rahisi kukitamka, kigumu kidogo kukitekeleza: katika nchi zetu, kipimo cha kifua kikuu, pamoja na vile vya homa ya ini na virusi vya UKIMWI, vihesabiwe kuwa ni sehemu ya dawa yenyewe. Vilipiwe na yule yule anayelipia dawa, na famasi isimkabidhi mtu sindano ya kwanza bila kuiona karatasi ya majibu.

Ugonjwa wenyewe kwanza, kwa sababu wengi huuchanganya na kuchakaa kwa magoti ya wazee au na maumivu ya kiuno ya mtu aliyeshinda shambani. Baridi yabisi ni ugonjwa ambao kinga ya mwili hugeuka na kuushambulia utando laini unaozunguka viungo. Aghalabu huanza kwenye vifundo vya vidole na kwenye viwiko vya mikono, kulia na kushoto kwa pamoja, na alama yake kubwa ni ukakamavu wa asubuhi: mtu anaamka vidole vimevimba na kukaza, hawezi kufunga kifungo cha blauzi, hawezi kukamua nguo wala kushika mwiko, mpaka ipite saa nzima au zaidi. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 18 duniani walikuwa wanaishi na ugonjwa huu, na kama asilimia 70 yao ni wanawake. Usipodhibitiwa hula gegedu na mfupa, na uharibifu huo huanza mapema, mara nyingi ndani ya miaka miwili ya mwanzo. Mfupa ukishaliwa haurudi. Kwa hiyo sina ugomvi hata kidogo na madaktari wanaotaka wagonjwa wetu wafikiwe na dawa bora zilizopo. Ningependa zifike haraka zaidi kuliko zinavyofika sasa.

Na dawa hizi ni bora kweli. Mwaka 1992, katika Hospitali ya Charing Cross jijini London, Marc Feldmann na Ravinder Maini walianza kuwapa wagonjwa wa baridi yabisi kingamwili iliyotengenezwa maabara ili kuifunga protini moja iitwayo TNF, ambayo walikuwa wamegundua kwamba ndiyo inayochochea uvimbe kwenye viungo. Watu waliokuwa hawajiwezi walianza kupanda ngazi. Kutokana na kazi hiyo dunia ikapata infliksimabu, ambayo huingizwa kwa dripu hospitalini; etanasepti, ambayo Marekani iliiruhusu mwaka 1998 na mgonjwa hujichoma mara moja kwa wiki; kisha adalimumabu, iliyoruhusiwa mwishoni mwa 2002 na ambayo huchomwa kila baada ya wiki mbili. Zote ni protini kubwa zinazotengenezwa ndani ya chembe hai. Mtu akizimeza tumbo litazimeng'enya kama linavyomeng'enya nyama au mayai, ndiyo maana hakuna kidonge chake. Tatizo ni kwamba TNF haikuwekwa mwilini ili ituvimbishe vidole. Kijidudu cha kifua kikuu kinapoingia mapafuni mwa mtu mwenye afya, mara nyingi hakifi. Chembe za kinga hukizingira na kukifungia, naye mtu huishi miaka hamsini bila kuugua, pengine bila kujua. TNF ndiyo inayoziamuru chembe zile zisibanduke. Ukiifunga ili vidole vipone, umewaondoa askari lindoni huku mfungwa bado yumo ndani.

Hili si jambo la kukisia. Mwaka 2001 jarida la tiba la New England la Marekani lilichapisha taarifa ya wagonjwa 70 waliopata kifua kikuu baada ya kutumia infliksimabu. Nusu yao walikuwa wameugua kabla ya wiki ya 12 au ilipofika, na wengi walikuwa wamepata dripu tatu tu au chini ya hapo. Wagonjwa 40 kati ya hao ugonjwa uliwatokea nje ya mapafu, na kwa 17 ulikuwa umesambaa mwilini. Maana yake ni kwamba mtu anaweza kuwa na kifua kikuu kinachomuua bila hata kukohoa: anapata homa za jioni, anakonda, tezi zinamtoka shingoni au tumbo linajaa maji, na makohozi yake yakipimwa hayaonyeshi kitu. Lakini takwimu ambayo ingepaswa kutukosesha usingizi sisi wa Afrika Mashariki ni nyingine. Kati ya wagonjwa wale 70, 64 walitoka katika nchi ambazo kifua kikuu ni nadra. Kama dawa iliweza kuwaamshia vijidudu watu wa huko, ambako mtu anaweza kuzaliwa na kuzeeka bila kukutana na mgonjwa wa kifua kikuu, tusitarajie kwamba huku itakuwa na huruma zaidi.

Wapo watakaosema: basi ndiyo hasara ya dawa kali, kila dawa ina madhara yake. Hapana. Madhara haya yana kinga, na kinga hiyo imeshapimwa ikaonekana inafanya kazi. Hispania ilikuwa na rejista ya taifa ya wagonjwa wanaotumia dawa za kibiolojia, na rejista hiyo ilipoonyesha kwamba kifua kikuu kinawaandama, mwaka 2002 ulitolewa mwongozo: kila mgonjwa apimwe maambukizi fiche kabla ya kuanza, na akikutwa nayo apewe dawa ya kuzuia. Idadi ya waliougua ilishuka kwa asilimia 78. Uchambuzi mwingine wa rejista hiyo hiyo, uliotoka mwaka 2007, uliangalia wagonjwa ambao mwongozo haukufuatwa kikamilifu, na ukakuta kwamba uwezekano wao wa kuugua kifua kikuu ulikuwa mara saba ya wale waliofanyiwa yote yaliyotakiwa. Dawa ni ile ile na hospitali ni zile zile. Tofauti ilikuwa hatua iliyorukwa. Siku hizi WHO yenyewe inaagiza kwamba kila anayetaka kuanza dawa za kuzuia TNF apimwe maambukizi ya kifua kikuu na atibiwe, tajiri au maskini, awe anatoka Dodoma au Denmark.

Sasa tuje nyumbani. WHO inakadiria kwamba robo ya watu wote duniani wamewahi kuambukizwa kifua kikuu, na katika orodha yake ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huo zimo Tanzania, Kenya, Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kupima maambukizi yaliyolala kuna ugumu wake hapa kwetu. Kipimo cha kuchomwa ndani ya ngozi ya mkono na kusomwa baada ya siku mbili au tatu kinaweza kuvimba kwa sababu mtu alichanjwa BCG, chanjo ya kifua kikuu, utotoni, na karibu sote tulichanjwa. Kwa upande wa pili kinaweza kukaa kimya hata kama vijidudu vimo, endapo mgonjwa amekuwa akimeza prednisoloni, steroidi inayodhoofisha kinga, kwa miezi, na wagonjwa wengi wa baridi yabisi wamekuwa wakiimeza. Kipimo cha damu hakidanganywi na BCG, ila ni ghali na hakipatikani kila mahali. Kwa hiyo daktari makini hategemei kitu kimoja. Ataanza kwa maswali: umewahi kutibiwa kifua kikuu, ulimaliza dawa, nani nyumbani aliwahi kuugua, unalala na nani chumbani. Ataomba picha ya kifua. Atafanya kipimo cha ngozi au cha damu, na ikiwezekana atakifanya mapema, kabla prednisoloni haijaongezwa. Kisha ataamua kwa kuyaweka majibu yote pamoja, na katika nchi kama zetu uamuzi ukiwa nusu kwa nusu ni afadhali uegemee kwenye kumpa mtu dawa ya kinga.

Jambo linaloniudhi kidogo ni kwamba sehemu kubwa ya vifaa vya kazi hii tunavyo tayari. Dawa ya kuzuia kifua kikuu si ngeni kwetu: watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI wamekuwa wakipewa isoniazidi kwenye kliniki zao kwa miaka mingi, na watoto wanaoishi na mgonjwa hupewa pia. Upo utaratibu wa miezi sita, na upo mpya zaidi wa isoniazidi na rifapentini, dozi 12 kwa wiki 12, dozi moja kila wiki. Programu za taifa za kifua kikuu zinazo, na hutoa bila malipo. Kinachokosekana ni mlango kati ya chumba cha daktari wa viungo na chumba cha kliniki ya kifua kikuu, ambavyo mara nyingine vimo ndani ya uzio mmoja wa hospitali. Mgonjwa wa sindano ya mamilioni hayumo kwenye orodha ya watu wanaofuatiliwa, kwa sababu orodha ilitengenezwa kabla ya sindano hiyo kufika. Kumwongeza hakuhitaji jengo jipya, kunahitaji waraka. Kuna tahadhari ndogo tu za kitabibu za kuzingatia. Isoniazidi na methotrekseti, dawa ya zamani ya baridi yabisi, zote huweza kuumiza ini, hivyo damu ipimwe mara kwa mara na pombe iachwe. Rifapentini nayo hupunguza nguvu ya baadhi ya dawa, prednisoloni ikiwa mojawapo.

Pingamizi kubwa kuliko yote, na ambalo halipaswi kupuuzwa, ni hili: hata ukimpima mtu leo na kumpa kinga, kesho atapanda daladala iliyofungwa madirisha msimu wa mvua, atakaa nyuma ya mgonjwa anayekohoa, ataambukizwa upya. Kinga ya Hispania ilifanya kazi Hispania kwa sababu huko hakuna wa kukuambukiza tena. Ni kweli kwa sehemu. Lakini jibu lake si kuacha kupima. Kwanza, maambukizi mapya hayafuti hatari ya yale ya zamani. Ukiacha kupima unabaki na zote mbili. Pili, dawa za kibiolojia hazilingani kwa hatari. Rejista ya Uingereza iliyochapishwa mwaka 2010 ilikuta visa vya kifua kikuu 144 kwa kila miaka 100,000 ya matumizi ya adalimumabu na 136 kwa infliksimabu, lakini 39 tu kwa etanasepti. Zipo pia dawa za kibiolojia ambazo hazigusi TNF kabisa, kama rituksimabu na abatasepti, nazo hazikuonyesha kuamsha kifua kikuu kwa kiasi hicho. Ikiwa mgonjwa anaishi nyumba moja na mtu anayetibiwa kifua kikuu, au ni muuguzi wa wodi, basi uchaguzi wa dawa ni sehemu ya usalama wake, na daktari anayeandika adalimumabu kwa sababu tu ndiyo jina maarufu hajamtendea haki. Tatu, kwa kuwa hatari haiishi siku ya kwanza, ufuatiliaji nao usiishe siku ya kwanza: kila hudhurio mgonjwa apimwe uzito, aulizwe kuhusu homa na jasho la usiku, na wataalamu wakubaliane picha ya kifua irudiwe lini.

Pingamizi la pili linatoka kwa wagonjwa, nalo ni la uchungu zaidi. Nimeteseka miaka mitano, wanasema, leo dawa imepatikana, mnaniambia nisubiri vipimo, kisha nimeze vidonge vya kifua kikuu ambacho siumwi? Kinachodaiwa hapa si miaka. Kwa kawaida sindano inaweza kuanza kama mwezi mmoja baada ya kuanza dawa ya kinga. Haihitaji kusubiri dozi zote ziishe. Katika mwezi huo mgonjwa haachwi hivi hivi: anaendelea na methotrekseti, na prednisoloni kidogo inaweza kumvusha. Aliyekutwa na kifua kikuu chenyewe, si maambukizi yaliyolala, huyo atasubiri zaidi, na hapo hakuna mjadala. Afadhali mwezi wa maumivu ya vidole kuliko kulazwa na homa ya uti wa mgongo ya kifua kikuu.

Halafu kuna wale wa upande mwingine kabisa, wanaosoma takwimu kama hizi na kuhitimisha kwamba dawa hizi hazitufai, tubaki na zetu za zamani. Hawa nao hawajahesabu vizuri. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2015 ulikadiria kwamba dawa za kibiolojia kwa dozi ya kawaida huongeza uwezekano wa maambukizi makubwa kwa takriban asilimia 31 zikilinganishwa na dawa za zamani. Ni ongezeko la kweli, ila ni la kiasi. Hatari inayoonekana kidogo ni ile ambayo tumeizoea: mgonjwa anayejinunulia prednisoloni dukani mwaka baada ya mwaka kwa sababu inamfanya aweze kuamka. Nayo inadhoofisha kinga, inapandisha sukari na presha, inalainisha mifupa, na haimzuii mtu kulemaa. Mbaya zaidi ni zile chupa zinazouzwa kama dawa ya asili ya viungo, zinazotuliza maumivu ndani ya siku mbili. Katika nchi mbalimbali dawa za aina hiyo zimekutwa zimechanganywa kwa siri na steroidi kama deksamethasoni. Baridi yabisi isiyotibiwa yenyewe hufupisha maisha, hasa kwa magonjwa ya moyo. Anayekataa sindano kwa kuogopa hatari hajaondoka hatarini. Amechagua nyingine ambayo haijaandikwa kwenye karatasi.

Ila nakubaliana nao katika jambo moja, na ni muhimu kwa mfuko wa mgonjwa. Wengi wanaweza wasifike kwenye sindano kabisa kama dawa za zamani zingetumika ipasavyo. Methotrekseti ni ya bei nafuu na inafanya kazi, mradi imezwe mara moja kwa wiki pamoja na foliki asidi. Kuimeza kila siku kwa makosa kumeua watu, na mfamasia anayeitoa bila kurudia maneno hayo mara mbili hajafanya kazi yake. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa 353 ambao methotrekseti pekee haikuwatosha. Nusu waliongezewa sulfasalazini na haidroksiklorokwini, nusu wakaongezewa etanasepti, na wagonjwa ambao hawakuonyesha nafuu baada ya wiki 24 wakabadilishiwa. Mwishoni mpango wa vidonge vitatu haukuwa nyuma ya mpango wa sindano. Kwa daktari wa Mwanza au Kisumu hiyo ni habari kubwa. Usalama wa kwanza wa dawa ya kibiolojia ni kuitumia kwa mtu anayeihitaji kweli.

Kuhusu vipimo vingine nitasema kwa kifupi, si kwa sababu ni vidogo. WHO inakadiria kwamba watu milioni 65 katika kanda yake ya Afrika wanaishi na virusi vya homa ya ini B, na wengi hawajijui. Dawa hizi, rituksimabu hasa, zinaweza kuviamsha virusi hivyo na kuliharibu ini hadi kifo. Kipimo cha damu kabla ya kuanza, na dawa ya kuvizuia virusi kwa anayehitaji, huepusha hayo. Kwa virusi vya UKIMWI kipimo ni bure na majibu hutoka muda ule ule. Kuna pia suala la chanjo. Chanjo ya homa ya manjano ni chanjo hai, na mtu anayetumia dawa za kibiolojia hapaswi kuchanjwa. Kwa wasafiri wa ukanda huu, ambao huulizwa kadi ya manjano mipakani na viwanjani, hilo linatakiwa kupangwa kabla ya sindano kuanza, au daktari amwandikie cheti cha kusamehewa kwa sababu za kiafya.

Na kuna jambo la watoto wachanga, ambalo naona halizungumzwi kabisa ingawa ni letu zaidi kuliko la wazungu. Dawa nyingi za kundi hili hupita kwenye kondo la nyuma na kuingia kwa mtoto katika miezi ya mwisho ya ujauzito, na hubaki mwilini mwake kwa miezi baada ya kuzaliwa. Mwaka 2010 madaktari wa Uingereza waliripoti habari ya mtoto aliyezaliwa na mama aliyetumia infliksimabu kipindi chote cha ujauzito kwa ugonjwa wa utumbo. Alichanjwa BCG akiwa na miezi mitatu, vijidudu vya chanjo vikasambaa mwilini, akafariki akiwa na miezi minne na nusu. Huko, BCG si ya kila mtoto. Huku, muuguzi wa wodi ya wazazi humchanja mtoto kabla hajaruhusiwa kwenda nyumbani, na anafanya vyema, kwa sababu BCG inaokoa watoto wetu. Lakini kwa mtoto wa mama aliyetumia dawa hizi hadi mwishoni mwa ujauzito, wataalamu hushauri chanjo hai isubiri walau miezi sita, na kwa infliksimabu pengine mwaka mzima. Ugonjwa huu unawapata wanawake zaidi, wengi wao wakiwa bado katika umri wa kuzaa. Basi kadi ya kliniki ya mama mjamzito iandikwe jina la dawa kwa herufi kubwa, ili muuguzi wa zamu ya usiku asilazimike kukisia.

Ipo pia safari ya dawa kutoka famasi hadi kwenye paja la mgonjwa. Sindano hizi hutakiwa kukaa kwenye ubaridi wa nyuzijoto 2 hadi 8, na zisigande kabisa. Mtu anayeibeba kwa basi kutoka Dar es Salaam hadi Lindi huwaza joto tu, akaisukumia katikati ya mabarafu, akaiua kwa baridi bila kujua. Sindano iliyoganda ikayeyuka inaweza kuonekana safi kama mpya. Itenganishwe na barafu kwa kitambaa au katoni. Nyumbani isiwekwe mlangoni mwa friji wala karibu na friza. Umeme ukikatika, adalimumabu inaweza kuvumilia nje ya friji kwa siku 14, mradi joto lisizidi nyuzijoto 25 na isipigwe na mwanga, lakini chumba cha Dar es Salaam cha mwezi Februari hakijui nyuzijoto 25 ni nini. Kabla ya kuchoma, itolewe nusu saa ipungue ule ubaridi, isitikiswe, na mahali pa kuchoma pabadilishwe, mara paja hili, mara lile, mara tumboni mbali na kitovu. Siku yenye homa au jipu, dozi isubiri na daktari aulizwe. Anayetumia tosilizumabu, dawa nyingine ya kibiolojia, awe macho zaidi, maana dawa hiyo inaweza kuizuia homa yenyewe isionekane.

Watasema fedha ziko wapi. Hapa ndipo hoja ya kuunganisha kipimo na dawa inapopata nguvu. WHO iliiweka adalimumabu kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2019, pamoja na dawa nyingine za kundi hilo kama mbadala. Dawa fanani, zinazotengenezwa na viwanda vingine baada ya hataza kuisha, zimeshusha bei Ulaya, za adalimumabu tangu 2018. Zinafanya kazi: utafiti wa Norwei uliochapishwa mwaka 2017 uliwafuatilia wagonjwa 482 waliokuwa wakitumia infliksimabu ya mwanzo, baadhi wakahamishiwa kwenye dawa fanani, na hawakuonekana kuwa nyuma ya wenzao. Bei zitashuka huku pia, na watumiaji wataongezeka. Tanzania ilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na Kenya ikaanza mfumo wake mpya wa bima ya afya ya jamii Oktoba 2024. Wanaopanga vitita vya mafao watakapofika kwenye dawa hizi wasiandike dawa peke yake. Waandike dawa, vipimo vitatu, dawa ya kinga na hudhurio la ufuatiliaji kama kitu kimoja. Gharama ya vipimo hivyo ni ndogo mno mbele ya bei ya dawa ya mwaka mmoja, na ni ndogo zaidi mbele ya miezi ya kumtibu mtu mwenye kifua kikuu kilichosambaa. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba ya Tanzania na wenzao wa Bodi ya Famasia na Sumu ya Kenya wanaweza kuongeza sharti moja kwa waagizaji: kila boksi liwe na kadi ya tahadhari kwa Kiswahili, ya kukaa kwenye pochi. Ulaya wagonjwa wa adalimumabu wanayo kadi ya namna hiyo kwa lugha zao.

Wewe uliyeandikiwa sindano hizi usisubiri waraka. Kabla ya dozi ya kwanza omba uone majibu ya kifua kikuu, homa ya ini B na VVU, na ubaki na nakala. Ukishaanza, ukapata homa isiyoeleweka, jasho la usiku, uzito ukipungua au tezi zikivimba, hata kama hukohoi, usichome dozi inayofuata. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, na kabla hujaulizwa chochote mtajie daktari wa zamu jina la dawa unayotumia.